Bili ya Hita Ikifika, Tuisome Kwanza Ndio Tugombane

Haya jamani, walioko nyuma sogeeni mbele, hii maiki inakatakata na mimi sauti yangu sio ya kupiga kelele. Wapangaji mko wapi? Inueni mikono. Sawa. Na wenye nyumba je? Naona mikono minne na mmoja ameinua nusu, usiogope baba, leo hatumsulubishi mtu hapa.

Nimeombwa niongelee gharama za kupasha nyumba joto na ugomvi unaokuja nazo. Mimi sio mwanasheria, nasema mapema ili asije mtu kesho akasema yule alituambia mahakamani tutashinda. Kazi yangu imekuwa kukaa katikati, mpangaji huku, mwenye nyumba kule, mimi na kikokotoo changu na chai inayopoa. Na kitu nilichojifunza kwenye hizo meza ni kwamba ugomvi wa hita unaonekana ni wa watu wawili wasiopendana, kumbe mara nyingi ni ugomvi wa namba moja tu iliyokaa vibaya mahali fulani kwenye karatasi, ukiipata hiyo namba hasira yote inakosa pa kukaa.

Hita ni gharama ya ajabu kwa sababu unaitumia leo unailipa mbele huko. Kila mwezi unatoa kiasi fulani pamoja na kodi, yale malipo ya awali, halafu msimu wa baridi unaisha, watu wameshafungia makoti kabatini, wameshasahau, ndio barua inagonga inasema ongeza. Mpangaji anaona ameibiwa. Mwenye nyumba naye alishalipa gesi ya nyumba nzima kwa pesa zake miezi kadhaa nyuma na anaona huyu mtu hataki tu kulipa. Kwahiyo wanapokutana kwenye ngazi kila mmoja ameshajiandaa kujitetea, na mtu aliyejiandaa kujitetea hasikii namba.

Sasa ile bili ichukueni kama mnyororo. Kuna mafuta au gesi iliyonunuliwa, kuna iliyoungua kweli, kuna bei yake, kuna jinsi nyumba nzima ilivyogawana, kuna kipande chako wewe, halafu kuna kile ulichokwisha kulipa kinachotolewa mwisho. Kosa likiwepo linakaa kwenye pingili moja. Usiende kwa mwenye nyumba ukamwambia bili yako ya uongo, nenda umwambie pingili ya tatu siielewi, naomba risiti yake. Utaona tofauti ya jibu.

Pingili rahisi kuliko zote ni bei na matumizi, na ndipo watu wengi wanapopotea. Tuseme mwaka jana nyumba yako ilitumia kilowati-saa 12,000, yaani kile kipimo cha nishati kinachoandikwa kwenye bili, na mwaka huu 12,300, lakini pesa imepanda karibu nusu. Basi wewe hujabadilika, ni bei ya gesi iliyopanda, na kumfokea mwenye nyumba hakutashusha bei, ingawa una haki ya kumuuliza kama aliangalia kampuni nyingine. Lakini kama bei imekaa palepale na matumizi yametoka 12,000 yakafika 18,000, hapo kuna jambo, ama baridi ilikuwa kali kweli, ama kuna valvu, ile koki ya kuongeza na kupunguza joto, imekufa, ama mtu amesoma mita vibaya, ama hawakuisoma kabisa wakakadiria. Angalieni kwenye bili kama kuna alama au neno la kukadiria. Namba ya kukadiria sio dhambi, ila haipaswi kuwa neno la mwisho.

Na ujanja mdogo wa kubeba mfukoni: mita ya ujazo moja ya gesi asilia ina nishati ya karibu kilowati-saa 10 hadi 11, na lita moja ya mafuta ya hita ni karibu 10. Kwahiyo bili ikisema lita 3,000 zimeungua halafu mbele inagawa kilowati-saa 45,000, weka kalamu chini, hiyo hesabu haitoki popote.

Haya, tuje kwenye kugawana, maana hapa ndio damu inapochemka. Kulikuwa na dada mmoja alikuwa anakaa juu kabisa, nyumba ya kona. Jirani yake wa katikati alikuwa analipa hata nusu yake hafiki. Yule dada alishaamini kabisa kwamba mwenye nyumba anamchukia, ana ushahidi, ana meseji, kila kitu. Tukakaa. Nikamuuliza juu ya dari yako kuna nini? Akasema paa. Upande huu? Nje. Upande ule? Nje. Nikamwambia jirani yako juu yake kuna wewe, chini yake kuna mtu, kulia mtu, kushoto mtu, yaani yule anapashwa joto na watu wanne bila kuwasha kitu, wewe unampasha joto yeye na mawingu. Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuibiwa. Lakini swali lake lilibaki, je hiyo ni haki?

Na ni swali zuri, ndio maana kuna nchi zimeliweka kwenye sheria. Ujerumani tangu 1981 wana kanuni kwamba kwenye majengo yenye boila moja ya pamoja, ule mtambo unaopasha maji ya hita za wote, gharama zinagawanywa mara mbili: asilimia 50 hadi 70 kwa matumizi ya kila mtu, na inayobaki kwa ukubwa wa nyumba ya kila mmoja. Ile sehemu ya ukubwa ndiyo inayomsaidia mtu wa kona, kwasababu inakubali kwamba joto halijui ukuta wa nani. Ile sehemu ya matumizi inamzuia mtu kufungua dirisha huku hita inaunguruma kwa hela ya wenzake. Na mwenye nyumba asipogawa kwa matumizi pale sheria inapomtaka, mpangaji anaruhusiwa kukata asilimia 15 ya kipande chake. Mimi naona wamefikiri vizuri. Kama nchi unayokaa haina kitu kama hicho, hamjakatazwa kukubaliana hivyo kwenye mkataba.

Kuna kile kidude kinachobandikwa kwenye redieta, lile bati la ukutani linalopita maji ya moto, kina kioo kidogo cha namba. Watu wanadhani kinapima kilowati. Hakipimi! Kinahesabu alama tu, halafu zile alama zinazidishwa na namba inayotegemea ukubwa na aina ya redieta yenyewe. Sasa fundi akija akabadilisha redieta, akaweka kubwa au ndogo, na ile namba ya kuzidishia haikubadilishwa, bili yako itakuwa na makosa kila mwaka na hakuna atakayejua kwasababu kidude kinafanya kazi vizuri tu. Vile vya zamani vyenye kimiminika ndani vinapungua kidogo hata kiangazi, kimiminika kinakauka chenyewe kwa joto la chumba, ndio maana vinajazwa ziada kidogo mwanzoni. Kwahiyo ukiona kimeshuka na hujawasha hita usikimbilie kupiga simu polisi. Ila hesabu redieta zako. Nasema hivi kwa sababu nimeshashika bili yenye redieta sita na nyumba ina tano, ya sita ilikuwa ya jirani, na kwa miaka hakuna aliyehesabu mpaka tulipotembea chumba kwa chumba tukionyesha kwa kidole.

Na eneo pia. Chukua futi kamba upime. Mkataba unasema mita za mraba 70, bili inasema 78, hizo nane zimetoka wapi? Labda kuna baraza ya nje imehesabiwa na haina hita. Labda ni kosa la kuandika tu.

Kitu kingine, na hiki wenye nyumba naomba mnisikilize zaidi. Nyumba iliyokaa tupu. Ukiwa na nyumba sita na moja haina mtu, kipande chake hakigawiwi kwa wale watano, ni chako wewe. Kadhalika kutengeneza boila iliyoharibika. Kusafisha na kuikagua kila mwaka, hayo mara nyingi yanaingia kwenye gharama za kuendesha kama mkataba na sheria vinaruhusu, lakini pampu imekufa umenunua mpya, hiyo ni mali yako, utabaki nayo mpangaji akiondoka. Nimewaona watu wazuri kabisa wanachanganya hayo mawili kwenye mstari mmoja, gharama za boila, basi, na ule mstari mmoja ndio unaofanya mpangaji aanze kuitilia shaka mistari yote mingine iliyo sahihi. Andikeni mbalimbali. Na Uingereza huko mwenye nyumba anayemuuzia mpangaji gesi au umeme wa nyumbani haruhusiwi kutoza zaidi ya bei aliyonunulia yeye, hilo limewekwa na Ofgem, msimamizi wao wa nishati. Hita sio biashara ya pembeni.

Wapangaji msipige makofi sana, zamu yenu inakuja.

Mnajua ile valvu ya redieta yenye namba moja hadi tano? Watu wanaingia ndani wametetemeka wanaizungusha mpaka tano wakidhani chumba kitapata joto haraka. Hakipati haraka. Namba tatu maana yake kwa kawaida ni karibu nyuzi 20, tano ni nyingi zaidi ya hapo, kwahiyo chumba kinapanda kwa mwendo uleule halafu kinapitiliza, wewe unaona joto limezidi unafungua dirisha kidogo, linabaki hivyo siku nzima, na redieta iko chini ya dirisha inapasha joto barabara. Halafu bili ikija unasema mwenye nyumba mwizi. Kama unataka hewa fungua dirisha wazi kabisa dakika chache, hita ikiwa imefungwa, kisha funga. Na kama redieta yako juu ni baridi, chini ni moto, na inagugumia, ina hewa ndani, mwambie mwenye nyumba aitoe hewa, ni kazi ya dakika.

Sasa niende kwa anayehama katikati ya mwaka, maana hapo hesabu ya haraka inamdhulumu mtu bila yeyote kukusudia. Mtu ameingia mwezi wa nne akatoka mwisho wa mwezi wa tisa, miezi sita, nusu mwaka, kwahiyo alipe nusu? Hapana. Ujerumani kuna jedwali la tangu zamani wanalolitumia, wanagawa mwaka mzima wa hita kwenye sehemu 1,000. Januari peke yake ina 170. Februari 150, Machi 130, Aprili 80, Mei 40, Juni mpaka Agosti zote tatu pamoja 40, Septemba 30, Oktoba 80, Novemba 120, Desemba 160. Jumlisheni za huyo mtu: 80, 40, 40, 30. Ni 190. Yaani alikaa nusu mwaka, joto alilotumia kwa jedwali hilo ni chini ya moja ya tano. Na aliyekaa ile miezi sita mingine ana 810! Nchi yenu hali yake ya hewa inaweza kuwa tofauti, namba zitabadilika, lakini wazo ni hilohilo, miezi hailingani. Bora zaidi ya jedwali lolote ni kusoma mita siku ya kukabidhiana funguo, wote wawili mkiwa mmesimama hapo, na kupiga picha inayoonyesha namba ya mita yenyewe na tarakimu zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, siku hizi daftari liko kwenye simu.

Wale mnaotumia tangi la mafuta, kuna mtego wenu peke yenu. Tangi limejazwa mwezi wa nne, mpangaji amehama wa tano, na risiti ya lita zote imeingia kwenye bili yake. Mafuta hayo ataunguza nani? Anayekuja. Hesabu sahihi ni mafuta yaliyokuwepo mwanzo, ongeza yaliyonunuliwa, toa yaliyobaki mwisho. Kama bili yako haina kiasi kilichobaki tangini mwanzo na mwisho, hiyo sio bili ya matumizi, ni bili ya manunuzi.

Na wenye hita ya umeme, fanyeni jaribio hili siku moja mkiwa na mwenye nyumba: zimeni kila kitu ndani mwenu, chomoeni, halafu nendeni mkaangalie mita. Ikiendelea kuhesabu, kuna kitu kinakula umeme wako ambacho sio chako. Inaweza kuwa taa ya ngazi, inaweza kuwa pampu ya boila ya nyumba nzima. Niliwahi kuwa kwenye kesi ambayo mzee wa watu kwa muda mrefu alikuwa anapasha joto korido, na mwenye nyumba hakujua, aliinunua nyumba ikiwa tayari imeunganishwa hivyo. Hakukuwa na mbaya pale. Kulikuwa na waya.

Kuna ugomvi mwingine ambao sio wa bili kubwa, ni wa bili ya kawaida na nyumba ya baridi. Unalipa, halafu unalala na soksi mbili. Hapo usibishane kwa maneno ya ni baridi, sio baridi, kila mtu ana ngozi yake. Tafuta kipimajoto, weka katikati ya chumba mbali na dirisha na mbali na redieta, andika asubuhi na jioni kwa wiki nzima pamoja na hali ya nje. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilipendekeza nyuzi 18 kama kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba kwenye nchi za baridi, na wenye watoto wadogo na wazee wanahitaji zaidi. Jiji la New York wao wameandika kabisa, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, mchana nje ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi, ndani lazima iwe angalau nyuzi 20, na usiku isipungue kama 17 hata nje kukoje. Angalia kwenu wamesema nini. Karatasi yenye namba 14, 15, 14, 13 zimepangana siku saba inaongea kuliko mtu anayelia kwenye simu.

Tunaendaje kuzungumza sasa. Kwanza usianze usiku na usianze kwa sauti za WhatsApp za dakika nne. Andika kifupi. Mimi huwa nawapa watu mfano huu: "Habari, nimepokea bili ya hita ya kipindi fulani. Kabla sijailipa yote naomba kuona risiti za gesi, usomaji wa mita wa mwanzo na wa mwisho, na jinsi kipande changu kilivyogawanywa. Naweza kuja kuziangalia wiki hii au ijayo. Sehemu ambayo haina utata nimeshailipa leo." Basi. Hakuna kuitana mwizi, hakuna nitakupeleka mahakamani, na tarehe iko juu.

Hiyo sentensi ya mwisho msiipuuze. Lipa isiyo na ubishi. Kama bili inasema 100 na wewe unabishia 20, lipa 80 na uandike kwamba 20 unasubiri maelezo. Ukikataa yote unageuka kuwa mdaiwa na hoja yako nzuri inafunikwa na deni. Na kodi ya nyumba usiiguse kabisa kwa sababu ya bili ya hita mpaka umeongea na mtu anayejua sheria ya hapo ulipo, nimewaona watu waliokuwa na haki kwenye bili wakatolewa kwenye nyumba kwa kodi. Na wewe mwenye nyumba, usifunge hita ya mtu. Hata akiwa na deni. Kuna sehemu nyingi hilo ni kosa kubwa kuliko deni lenyewe, na bomba likiganda likapasuka utalilipia wewe.

Angalieni muda pia, kwasababu haki zina tarehe ya kuisha. Ujerumani mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kuisha kumfikishia mpangaji bili, akichelewa kwa uzembe wake hawezi tena kudai nyongeza, na mpangaji naye ana miezi 12 tangu aipokee kuleta pingamizi. Kwingine ni muda tofauti. Ulizeni chama cha wapangaji au ofisi ya ushauri mapema.

Dada pale mbele anauliza, na kama bili ni sahihi kila pingili lakini nyumba yenyewe ndiyo mbovu, madirisha yanavuja, boila ni ya enzi za babu? Hilo ndilo swali gumu kuliko yote dada yangu, na nimefurahi umeliuliza. Kwa maoni yangu gharama imfuate aliyeshika swichi. Mpangaji ameshika valvu, basi abebe matumizi. Ila kubadilisha boila, kuziba paa, kuweka madirisha mapya, hayo mpangaji hayagusi, ameshika mwenye nyumba. Ujerumani tangu Januari 2023 ile tozo ya kaboni, yaani ada ya hewa chafu inayotoka vikiungua, iliyomo kwenye bei ya gesi na mafuta inagawanywa kwa ngazi 10, nyumba ikiwa mbovu kabisa mwenye nyumba anabeba asilimia 95, ikiwa nzuri sana mpangaji anabeba yote. Sio bili nzima, ni ile tozo tu, lakini umeona mantiki yake. Uingereza na Wales wameenda njia nyingine, tangu Aprili 2020 nyumba nyingi za kupangisha lazima zifike angalau daraja E kwenye cheti cha nishati, kile kinachoonyesha nyumba inavyotunza nishati, la sivyo huruhusiwi kupangisha bila msamaha maalumu. Pasipo na sheria kama hizo unabaki na mazungumzo, na hapo nenda na hesabu: mwambie mwenye nyumba wapangaji watatu wameshahama kwa sababu ya hii bili, kila akihama mtu nyumba inakaa tupu na hita ya nyumba tupu ni yako.

Mkikubaliana, andikeni. Kiasi gani, kwa awamu ngapi, malipo ya awali ya mwezi yapandishwe yawe ngapi ili mwakani msirudi hapahapa, nani atasoma mita na tarehe gani. Wote mtie sahihi. Mkishindwa, mtafuteni msuluhishi kabla ya mahakama, na mkienda mahakamani nendeni na zilezile karatasi.

Nimemaliza yangu. Mliokuja na bili njooni hapa mezani mmoja mmoja, na aliye na ya mwaka jana aitoe pia, tutaanza na wewe baba uliyeinua mkono nusu.